Mashamba ya miti Mbarara na Nakivale: nani anapanda, nani anavuna

Na Mwandishi wetu wa Biashara, Mbarara

Anayesafiri kusini mwa Mbarara kuelekea Isingiro na Ntungamo ataona vilima ambavyo miaka 20 iliyopita vilikuwa nyasi tupu na leo vimejaa misonobari. Ukiendelea hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, umbali wa kama kilomita 60 kutoka mjini, mambo yanabadilika. Huko mti mkubwa ni bidhaa adimu, na mzigo wa kuni unatembea kilomita nyingi kichwani kwa mtu kabla ya kufika jikoni.

Sehemu hizi mbili ziko katika eneo moja la Ankole na zinanyeshewa mvua zilezile mbili za mwaka. Kinachozitofautisha ni mtaji na haki juu ya ardhi. Makala haya yanaeleza jinsi biashara ya miti inavyofanya kazi katika eneo hili, faida yake iko wapi, na kwa nini haiwafikii wote. Yanawalenga wakulima, vikundi na wafanyabiashara wa mbao wa pande zote za mpaka.

Uganda ilivyofika hapa

Kwa takwimu za serikali, mwaka 1990 misitu ilifunika asilimia 24 ya ardhi ya Uganda. Mwaka 2015 ilibaki asilimia 9. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi nchini hupika kwa kuni au mkaa, na ujenzi wa mijini unakula mbao kila siku. Mahitaji yanapanda na misitu ya asili inakwisha. Kwa mwanauchumi hilo ni tangazo la bei: mbao za kesho zitakuwa ghali kuliko za leo.

Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ilipitishwa mwaka 2003, ikaunda Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, iliyoanza kazi mwaka 2004. NFA ilianza kukodisha sehemu zilizo wazi za hifadhi za misitu kwa watu binafsi ili wapande miti ya biashara. Mwaka huohuo wa 2004 ulianza mpango wa ruzuku unaojulikana kwa kifupi chake, SPGS, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na Norway. Awamu ya baadaye ilisimamiwa na FAO.

Ruzuku hiyo haikutolewa mkononi kwa kila aliyeomba. Mkulima alipanda kwa fedha zake, mkaguzi akaja kutazama nafasi kati ya miche, palizi na njia za kuzuia moto, na shamba likifaulu ndipo alirudishiwa takriban nusu ya gharama. Mpango huu uliinua ubora wa mashamba ya miti Uganda kuliko hotuba zote za siku ya kupanda miti. Lakini katika awamu za mwanzo aliyetaka ruzuku alitakiwa kuwa na angalau hekta 25, yaani zaidi ya ekari 60. Wanakijiji wangapi wa Isingiro wana ekari 60 za kuweka pembeni kwa miaka 20? Waliofaidi wengi walikuwa watu wa mjini wenye mishahara, maofisa, wafanyabiashara na kampuni. Vijiji vilipata miche ya bure kupitia shule, makanisa na vikundi, pamoja na vibarua.

Rwoho, msitu wa hewa ukaa

Mfano ulio karibu zaidi na Mbarara ni hifadhi ya Rwoho, yenye kama hekta 9,000. Hapo NFA, kwa mkataba na mfuko wa kaboni wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa kupanda misonobari na sehemu ndogo ya miti ya asili kwenye nyasi. Mwaka 2009 mradi ulisajiliwa chini ya Mkataba wa Kyoto, na Benki ya Dunia ikautangaza kuwa mradi wa kwanza wa upandaji misitu barani Afrika kusajiliwa kwa utaratibu huo. Eneo lililopangwa lilikuwa kama hekta 2,000, na ajira zilizokadiriwa kwa wenyeji zilifika 700. Chama cha wanakijiji cha RECPA kiliingizwa ndani nacho kikapewa sehemu yake ya kupanda.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia kwa mfanyabiashara.

La kwanza ni ajira zenyewe. Kazi ya shamba la miti imejaa mwanzoni: kufyeka, kuchimba mashimo, kupanda, na palizi ya miaka miwili au mitatu. Baada ya hapo miti hufunika ardhi, magugu hufa kwa kukosa mwanga, na vibarua hurudi nyumbani. Huitwa tena wakati wa kupogoa matawi na kupunguza miti, kisha kimya tena hadi mavuno. Kwa hiyo ukisikia shamba fulani limeleta ajira mia kadhaa, uliza ni za mwaka upi. Kijiji kinachotegemea shamba moja lililopandwa kwa mkupuo kitakuwa na miaka mitatu ya fedha na zaidi ya kumi ya ukame wa fedha. Shamba linalopandwa kidogo kidogo kila mwaka ndilo linaloweka mishahara kijijini mfululizo.

La pili ni kaboni. Katika utaratibu wa Kyoto, vyeti vya misitu vilikuwa vya muda, kwa hoja kwamba msitu unaweza kuungua na hewa ikarudi angani. Soko kubwa la kaboni la Ulaya halikuvikubali kabisa. Mnunuzi wa uhakika alikuwa mfuko wa Benki ya Dunia wenyewe, na muuzaji mwenye mteja mmoja hawezi kupanga bei. Shamba la Rwoho thamani yake iko kwenye mbao, na fedha za kaboni ni nyongeza tu.

Tusisahau wafugaji. Kilima ambacho mtaalamu wa misitu anakiita ardhi iliyochakaa, mfugaji wa ng'ombe wa Ankole anakiita malisho. Nyasi zikikauka huchomwa ili zichipue upya, na moto huo huo ndio adui mkubwa wa msonobari. Mwenye shamba ambaye hakuelewana na wafugaji wa jirani analala na moto mlangoni. Mashamba mengi yameona heri kuwaruhusu wakate nyasi au kulisha chini ya miti iliyokwisha kuwa mirefu, kwa sababu ng'ombe hupunguza nyasi kavu na mfugaji huwa mlinzi.

Hesabu ya muda

Miti ikipandwa mita 3 kwa 3, hekta moja hubeba miche 1,111. Msonobari hupunguzwa mara mbili au tatu hadi ibaki miti mia tatu hivi, na mavuno ya mwisho huwa kati ya miaka 18 na 25. Mkaratusi wa nguzo huchukua miaka 8 hadi 12. Mkaratusi wa kuni na fito hukatwa ukiwa na miaka 4 au 5, kisha kisiki huchipua na kuvunwa tena mara mbili au tatu bila kununua mche mpya.

Sasa weka riba. Mikopo ya benki za biashara Uganda kwa miaka mingi imekuwa karibu asilimia 20 kwa mwaka. Kwa riba hiyo, shilingi 1 uliyoizika leo inatakiwa kukurudishia shilingi 2.5 baada ya miaka 5, shilingi 6 baada ya miaka 10, na shilingi 38 baada ya miaka 20. Mti hauongezeki thamani mara 38 kirahisi. Ndiyo maana aliyepanda misonobari kwa mkopo wa kawaida wa benki mara nyingi huuza shamba likiwa changa, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye fedha zake. Huyo wa pili ndiye anayepata faida inayoandikwa kwenye vipeperushi.

Hii haina maana kwamba msonobari ni biashara mbaya. Kwa mtu mwenye mshahara anayefikiria uzee wake, shamba la miti ni pensheni isiyoibwa na mfumuko wa bei. Kwa mkulima anayelipa ada ya shule Februari, Mei na Septemba, mti wa miaka 20 haumsaidii. Anahitaji mti wa miaka 4, au mti unaompa kitu kingine wakati anasubiri.

Isingiro ni wilaya ya ndizi, na hapo mkulima mdogo ana soko asilolipigia hesabu. Kila mgomba wenye mkungu mzito unahitaji mhimili. Mihimili hiyo hutoka kwenye fito za mkaratusi, na mwenye shamba kubwa la ndizi huinunua kwa mamia. Pembeni ya migomba hupandwa mgrevilea, ambao hauibii sana ndizi maji, unatoa kuni kila unapopogolewa, na baada ya miaka kama 12 hupasuliwa mbao. Hesabu ya miti ya namna hii haionekani katika takwimu za mashamba makubwa, lakini mimi naamini ndiyo iliyoingiza fedha nyingi zaidi katika nyumba za kawaida za Ankole.

Wakulima wadogo na kaboni

Kuna mradi mwingine wa kaboni uliowalenga wakulima wadogo. Shirika la ECOTRUST la Uganda lilianza mwaka 2003 upande wa Bushenyi kuwasajili wakulima wapande miti ya asili, kama musizi, katika mashamba yao wenyewe. Mkulima hupewa asilimia 60 ya bei ya mauzo ya kaboni, nayo hulipwa kwa awamu ndani ya miaka 10 kulingana na miti iliyo hai. Wanunuzi ni kampuni za Ulaya zinazotaka kufidia moshi wao.

Ukilinganisha na Rwoho, faida ya mpango huu ni kwamba ardhi inabaki kwa mkulima na malipo yanaanza mapema, wakati anapohitaji fedha za miche na palizi. Kasoro yake imeandikwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden: malipo yaliyochelewa, wakulima waliosaini mkataba wa miaka 25 bila kuuelewa vizuri, na waliojikuta wamefunika kwa miti ardhi waliyoihitaji kwa chakula. Malipo ya awamu huisha mwaka wa 10, na wajibu huendelea. Mkulima mwenye ekari mbili asisaini karatasi hiyo kabla ya kuhesabu magunia ya mahindi na maharage anayoyaacha.

Nakivale: mti kwenye ardhi isiyo yako

Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958 na wakazi wake wa kwanza walikuwa Wanyarwanda. Ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, na Kiswahili ndicho lugha ya soko. Mwaka 2023 idadi ya watu ilikuwa imevuka 150,000. Eneo ni kama kilomita za mraba 185, ziwa likiwa pembeni, na linasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 zinampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kutembea na kutumia ardhi aliyopewa. Hazimpi haki ya kuiuza wala kuikodisha. Zamani familia ilipewa kiwanja cha mita 50 kwa 50. Watu walipoongezeka, viwanja vilipungua, na wengi waliofika baadaye walipata mita 30 kwa 30.

Tufanye hesabu. Mita 50 kwa 50 ni robo hekta. Ukijaza miti kwa nafasi ya mita 3, unapata miche 277 na hukuacha pa kupanda mahindi. Mita 30 kwa 30 hubeba miche 100, nayo inakula kiwanja chote pamoja na nyumba. Kwa hiyo shamba la miti kwa maana ya Rwoho haliwezekani kwa familia moja. Kinachowezekana ni mpaka wa kiwanja: kuzunguka mita 30 kwa 30 ni mita 120, sawa na miti 40. Kuzunguka mita 50 kwa 50 ni mita 200, miti 66. Mgrevilea 40 zinazopogolewa kila mwaka hazimalizi tatizo la kuni za familia ya watu saba, lakini zinapunguza siku za kununua mkaa.

Na kununua mkaa kumekuwa mzigo. Mwaka 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa Uganda hadi asilimia 60, mwaka 2023 likaanza kuwapanga wakimbizi kwa kiwango cha uhitaji, na mwaka 2025 likawaondoa wengi zaidi kwenye orodha. Sehemu kubwa ya mgao hutolewa kwa fedha taslimu. Fedha hiyohiyo ndiyo inayonunua unga na mkaa wa kuupikia. Bei ya mkaa ikipanda, ni chakula kinachopungua sufuriani. Anayekwenda kutafuta kuni nje ya makazi hukutana na mwenye shamba asiyetaka kukatiwa miti yake, na ugomvi wa kuni kati ya wakimbizi na wenyeji ni wa miaka mingi.

Vitalu vya miche vimekuwepo. NFA na mashirika yanayoshirikiana na UNHCR, Nsamizi likiwa mojawapo, yamegawa miche na kupanda misitu midogo ya pamoja ya mikaratusi. Tatizo lililobaki halihusu miche. Swali ambalo kila mkimbizi huuliza kabla ya kuchimba shimo ni hili: mti huu ni wa nani?

Mrundi aliyefika mwaka 2015 na kupanda mkaratusi mwaka uliofuata, mwaka 2020 mti wake ulikuwa tayari kwa fito. Kama aliamua kurudi nyumbani kabla ya hapo, au akahamishiwa nchi ya tatu, kiwanja kilipewa mwingine pamoja na miti iliyokuwamo. Hakukuwa na mahali pa kuandikisha mti kama mali inayohamishika, wala utaratibu wa kumlipa aliyepanda. Katika mazingira hayo, mtu mwenye akili hupanda maharage, yanayoiva kwa miezi mitatu. Maofisa wengine husema wakimbizi hawajali mazingira. Kwa maoni yangu wanajali sana hesabu.

Misitu ya pamoja nayo ina matatizo yake. Kikundi hupalilia kwa posho ya mradi, mradi unakwisha, posho inakwisha, mbuzi wanaingia. Penye mafanikio panakuwa na kitu kimoja: makubaliano ya maandishi, kabla ya kupanda, kuhusu nani atavuna, mwaka gani, na mgao wa wenyeji na wakimbizi ni kiasi gani. Karatasi hiyo ikisainiwa na kamati ya kijiji, viongozi wa wakimbizi na ofisi ya makazi, mche una nafasi ya kuwa mti. Kwa kuwa kuna migogoro ya mipaka kati ya makazi na wanaodai ardhi jirani, sehemu ya kupanda ihakikiwe kwanza.

Soko na mipaka

Mbarara, iliyopandishwa kuwa jiji Julai 2020, ndiyo soko la kwanza la mbao za eneo hili. Ujenzi, useremala na mabwawa ya ng'ombe vyote vinataka miti. Kutoka hapo barabara zinagawanyika: Kikagati na Murongo kuingia Tanzania, Mirama Hills na Kagitumba kuingia Rwanda, Katuna kuelekea Kigali, na Mpondwe au Bunagana kuelekea Kongo.

Mipaka hiyo imewafundisha wafanyabiashara kutoweka mayai yote kapu moja. Katuna ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Bunagana ulitekwa na waasi wa M23 Juni 2022. Upande mwingine, Kenya ilipozuia ukataji miti katika misitu ya serikali Februari 2018, wanunuzi wake waligeukia Uganda na Tanzania, na zuio lilidumu hadi serikali ilipotangaza kuliondoa Julai 2023. Mwenye miti ana nafuu moja ambayo mwenye nyanya hana: bei ikiwa mbaya au mpaka ukifungwa, mti husubiri na huku unanenepa. Nafuu hiyo ni ya yule tu asiye na deni.

Kwa anayetaka kuvusha mbao, vitu vinavyoulizwa ni kibali cha ofisa misitu na alama ya nyundo yake kwenye mbao, cheti cha usafi wa mimea kutoka wizara ya kilimo, na cheti cha asili ya bidhaa ili kupata nafuu ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa utaratibu rahisi wa biashara ndogo iwapo bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi mbili husika. Uliza mpakani kabla ya kupakia lori, siyo baada.

Kosa la kawaida la mkulima mdogo ni kuuza miti ikiwa imesimama, kwa kukadiria kwa macho. Dalali huhesabu kwa nguzo na mbao za mbili kwa nne, mkulima anahesabu kwa mashina. Wakulima kumi wakiuza pamoja wanaweza kumleta mnunuzi wa nguzo mwenye kipimo, ambaye hasumbuki kuja kwa miti 50. Chama cha wapanda miti cha Uganda, UTGA, kina vikundi vya mikoa vinavyosaidia katika hili.

Kabla ya kupanda

Isingiro iko katika ukanda mkavu wa mifugo. Mkaratusi wa kawaida, unaotaka mvua ya zaidi ya milimita 1,000, huteseka hapa, na mchwa huumaliza ukingali mchanga. Mikaratusi chotara inayovumilia ukame inafaa zaidi, ingawa miche yake ni ghali. Usipande mkaratusi kwenye bonde lenye maji wala kando ya ziwa: sheria ya mazingira inakataza, na serikali imekwisha kuagiza mara kadhaa ing'olewe. Mche upandwe mvua zinapokuwa zimeshika, Machi au Septemba mwishoni, na palizi ya mwaka wa kwanza isikosekane. Miti mingi inayokufa Ankole hufa kwa majani ya mwaka huo.

Anayepanda ndani ya Nakivale aongeze hatua moja: barua ya ofisi ya makazi inayotaja kiwanja, idadi ya miti na jina la aliyepanda. Haina nguvu ya hati ya ardhi. Lakini siku kiwanja kinapobadilisha mikono, ndiyo karatasi pekee atakayokuwa nayo ya kuonesha kwamba miti ile haikuota yenyewe.